Eda ya Athumani

Tuwape haki yao: wale waliokuwa wakipiga mabomu ng'ambo ya ziwa walikuwa na redio yenye adabu. Kila adhuhuri ilisoma majina ya waliokufa, tena vilevile Warundi walivyozoea kutangaziwa misiba: jina la marehemu, jina la baba yake, kisha ndugu waarifiwe popote walipo. Hapa Rumonge tangazo la namna hiyo hupelekwa redioni na wenye msiba wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyelitilia shaka. Walitaka watu wapigiane simu za kilio, mji waliokuwa wakiupiga uhamwe, na waliwajua watu wao vizuri, wakosa haya wale.

Mwasiti alilisikia jina la mumewe siku ya Jumanne, akimenya mihogo. Athumani alikuwa amevuka na madumu ya mawese wiki mbili kabla, na tangu mabomu yaanze simu yake haikupatikana. Mwasiti aliimaliza mihogo yote. Kisha akaoga, akavua bangili, akaanza eda kama mjane wa Kiislamu: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja wala manukato. Msikitini wakamswalia Athumani pasipo maiti. Mwasiti hakulia. Majirani walimsema, maana watu wa hapa tunapenda msiba wenye kelele.

Siku ya ishirini na tatu, wifi yake Sabrina aliingia mbio bila hodi.

"Wifi, ile redio ilisema bongo, uwongo mutupu! Athumani iko hapa inje, iko muzima! Walikamata liste ya abiria pa bandari, wakaisoma yote!"

Shehe naye alikwisha kutuma neno: hakuna eda tena, mwanamke ajipambe. Nje vigelegele vilikuwa vimeanza.

Athumani akasimama mlangoni, amekonda, kofia mkononi. "Mwasiti, ni miye."

Mwasiti alimtambua, asidanganyike mtu. Sauti ni yake, kovu la kidevuni ni lake. Akaingoja furaha, haikuja. Siku ishirini na tatu alikuwa akimzika mtu huyu peke yake, kila asubuhi upya, na sasa hakujua pa kumfukulia. Akauvuta mtandio, akaufunika uso kama mbele ya mwanaume asiye wake.

"Sabrina," akasema, "mukaribishe mugeni. Miye nimebakisha siku mia na saba."