Daftari la Waliokatwa Mbawa

Siku ya Jumatatu, tarehe kumi na nne ya mwezi wa Mfunguo Nne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, manyunyu membamba yakilowesha mabati na mawingu yakiwa yamekaa chini hata vilele vya milima visionekane, Baraza la Anga la nchi ya Tuhuma lilifunguliwa kusikiliza shauri lisilo na mfano katika nchi hiyo, kwa kuwa mtu aliyekatwa mbawa alikuwa ameomba kuelezwa kosa lake.

Tuhuma ilikuwa nchi ya watu wasafi, wachapakazi na wenye macho makali. Madirisha yao yalikuwa madogo, ya kuchungulia tu. Waliposalimiana walishikana mikono yote miwili, si kwa mapenzi, bali kila mmoja apate kujua mikono ya mwenzake iko wapi. Aliyecheka peke yake aliulizwa anacheka nini; aliyenyamaza aliulizwa anaficha nini; na aliyejibu upesi alidhaniwa kuwa alijitayarisha.

Miji yao mikuu ilikuwa miwili: Wasiwasi, upande wa magharibi, uliokuwa na masoko na makazi, na Shifaa, upande wa mashariki, uliokuwa na matabibu na hospitali. Kati ya miji hiyo yalisimama Majabali ya Kizuizi, ambayo hayakupitika kwa miguu wala kwa magurudumu. Watu walivuka kwa ndege za Shirika la Mbawa, wala hapakuwa na njia nyingine. Kwa hiyo aliyezuiwa kupanda ndege alikuwa amezuiwa tabibu, arusi na maziko.

Sheria ya kuwazuia wakorofi haikuzaliwa na dhuluma. Mtu anayelewa angani, akapiga wahudumu au akang'ang'ania kitasa cha mlango ndege ikiwa juu ya mawingu, amejivua mwenyewe haki ya kusafiri na wenzake, na hakuna mwenye akili timamu atakayemtetea. Lakini mkuu wa Shirika, Bwana Hadhari, aliingiwa na shaka kwamba kwa kila mkorofi aliyeonekana walikuwapo kumi wasioonekana. Basi akaweka desturi. Ndege ilipotua, mlango haukufunguliwa mpaka kila abiria awe ameandika katika karatasi jina lake, namba ya kiti cha mtu aliyemuudhi, na udhia wenyewe. Aliyerudisha karatasi tupu alihesabiwa mshirika wa wakorofi. Aliyeandikwa na watu watatu aliingizwa katika Daftari la Waliokatwa Mbawa, asipande ndege tena, na karatasi aliyoiandika yeye ikabatilishwa, kwani neno la mkorofi halikuaminiwa. Maneno ya wahudumu nayo hayakupokewa, kwa dhana kwamba wangewasingizia abiria ili kuficha uzembe wao. Majina ya walioandika yalifichwa, na aliyeandikwa hakuulizwa neno, kwa hoja kwamba asiye na hatia asingeandikwa.

Aliyesimama mbele ya Baraza siku hiyo alikuwa Bi. Ithibati, mshona mapazia wa Wasiwasi. Siku kumi na moja kabla ya hapo alikuwa ametoka Shifaa, alikomlaza mumewe, Bwana Wadudi, mwenye uvimbe tumboni, ili aje kuifunga nyumba kisha arudi kumuuguza. Alipotua akaandikwa. Hospitali ya Shifaa haikumpasua mgonjwa bila sahihi ya jamaa yake iliyotiwa mbele ya matabibu, na Wadudi hakuwa na jamaa mwingine duniani. Matabibu walikuwa wameleta habari kwamba uvimbe hautangoja kupita saa sita ya siku ya pili yake, Jumanne.

Kadhi Insafu aliweka miwani yake juu ya meza. "Bwana Hadhari, mwanamke huyu alifanya nini?"

"Mheshimiwa Kadhi, alipata karatasi thelathini na moja katika ndege ya watu arobaini."

"Nimeuliza alichofanya, sikuuliza alichopata."

"Watu thelathini na mmoja hawawezi kukosea kwa pamoja."

"Wanaweza. Miaka ishirini na sita nimekaa katika kiti hiki nikiwatazama wakifanya hivyo. Karani, zisome, na majina uyasome."

Minong'ono ilipita barazani, maana waandishi wengi wa karatasi zile walikuwa wamekuja kutazama. Karani akasoma. Mmoja aliandika kwamba mwenye kiti cha kumi na nne alilia bila sababu inayojulikana. Mwingine, kwamba mzigo wake ulifungwa kwa kamba. Mwingine, kwamba alisimama. Mwingine aliandika, "Sikumwona akifanya jambo lolote, na hilo ndilo lililonitia shaka." Watu wakaanza kucheka, kisha wakakumbuka walipo, wakajikohoza.

"Kicho, muuza mazulia," karani aliendelea. "Ameandika neno moja: 'Aliniangalia.'"

"Ni kweli, nilimwangalia," Bi. Ithibati akasema. "Alikuwa karibu nasi kuliko wote. Nilimwomba kwa macho aje anisaidie. Akafunika uso kwa gazeti."

"Akusaidie nini, mama?" Kadhi akauliza.

Kabla hajajibu, mwanamke aliyevaa sare ya Shirika alitoka mlangoni akaja mbele. Jina lake Shahida, mhudumu wa ndege ile, na juu ya nyusi yake palikuwa na kovu bichi.

"Mhudumu," Bwana Hadhari alisema kwa sauti ya chini, "ukifungua kinywa hapa, kazi huna tena."

Shahida akavua kofia yake akaiweka mezani. "Kofia hii hapa, bwana mkubwa. Koti nitalileta, nimelifua mara nne na damu bado haijatoka." Kisha akamgeukia Kadhi. "Katika kiti cha kumi na mbili alikaa Ghasia bin Jeuri. Alikuja na chupa yake, akainywa yote, akawasha sigara. Nikamwambia azime. Akanipiga na sinia usoni, nikaanguka. Watu wote waliona. Aliyeinuka ni huyu mmoja, akanikandamizia kilemba chake mpaka damu ikapungua. Hiyo ndiyo sababu ya kusimama kwake."

Kutoka benchi la nyuma mtu mnene alicheka. Ndiye Ghasia mwenyewe. Alikuja kujiburudisha kwa kesi kama wengine wanavyokwenda kutazama ngoma.

"Dada, mbona unanipaka matope?" akasema. "Daftari lenu li safi. Nitafutieni abiria mtiifu kuliko mimi katika nchi hii, nimpe mkono."

"Karani," Kadhi akauliza, "mtu huyu aliandikwa na wangapi?"

Karani alipekua, akapekua tena. "Mmoja, Mheshimiwa. Bi. Ithibati. Lakini karatasi hiyo ilibatilishwa, kwa kuwa mwandishi wake ni mkorofi."

Hapo ndipo wengi walipolijua walilolifanya: walimwogopa mpigaji, waliogopa karatasi tupu, na kwa kuwa ilikuwa lazima kumwandika mtu, wakamwandika yule ambaye hakuna aliyemwogopa.

"Bwana Hadhari," Kadhi akasema, "uliunda chombo cha kuwakamata wakorofi. Mkorofi mwenyewe amekuja hapa kwa miguu yake, na chombo chako hakimjui."

"Nia yangu ilikuwa usalama," Hadhari akajibu, na hakuwa mwongo. "Nilidhani kila mtu akimchunga mwenzake, hakuna kitakachotuponyoka."

"Kimekuponyoka cha mita mbili, kina chupa mkononi. Ghasia, njoo mbele. Wewe utaulizwa, jambo ambalo mama huyu hakufanyiwa. Ulimpiga mhudumu?"

"Sinia lilikuwa njiani, Mheshimiwa. Uso wake pia ulikuwa njiani."

"Nani aliona?"

Muuza mazulia, Bwana Kicho, akasimama. "Mimi niliona," akasema, na baada yake wengine wakainuka mmoja mmoja, wakitazamana kwanza.

Ghasia bin Jeuri alizuiwa kupanda ndege miaka mitano, akaambiwa kosa lake usoni pake na siku za kukata rufaa. Alikuwa mtu wa kwanza katika Tuhuma kuzuiwa kwa jambo alilolifanya. Jina la Bi. Ithibati likafutwa. Karatasi zikakomeshwa, neno la wahudumu likaamriwa lisikilizwe, na Shahida akarudishiwa kofia yake na Bwana Hadhari kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumanne, saa moja, ndege iliruka. Ilipotua Shifaa abiria walikaa vitini, mikono juu ya mapaja, wakingoja karatasi.

"Mlango u wazi," Shahida akawaambia. Hakuna aliyetikisika, walihisi kwamba ni mtego. Bi. Ithibati alisimama peke yake akatoka, na Bwana Kicho, aliyekuwa safarini kwa biashara yake, akaushika mzigo wa mama huyo uliofungwa kwa kamba, akamfuata mbio mpaka hospitalini.

Mumewe alikuwa amekonda, lakini macho yake yalimjua. "Ulikuwa wapi?"

"Nilizuiwa. Nililia ndani ya ndege."

"Basi leo jikaze, wasije wakatufukuza na hapa."

Alitia sahihi saa nne na nusu. Saa sita Wadudi aliingizwa chumba cha upasuaji. Saa tisa tabibu alitoka akivua barakoa, akasema uvimbe umetoka na mgonjwa anapumua vizuri. Bi. Ithibati aliegemea ukuta, na wakati huo ndipo alipolia.

Bwana Kicho alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, mzigo mapajani. Akasimama. "Bibi, nina deni kwako. Nimekuja kuomba radhi."

Bi. Ithibati alijifuta machozi. "Karatasi zisingesomwa kwa majina, ungekuja?"

Bwana Kicho alitazama sakafu, akamnyoshea mzigo.

"Ahsante kwa kunibebea mzigo," Bi. Ithibati akasema, akaupokea. "Radhi sikupi." Akarudi ndani kwa mumewe.