Kofi la Rayna

Rayna na jirani yake Vaska walikuwa wamepatana wiki ileile, baada ya kununiana miaka mitatu kwa sababu ya mti wa plamu uliokatwa mpakani. Siku ya kuchoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi, Vaska akaja uani kusaidia kumenya. Alipoinama kuchukua kisu, mkono wa kushoto wa Rayna uliruka ukamtandika kofi, na kitambaa chake cha kichwani kikatumbukia kwenye beseni la pilipili.

"Ala! Kumbe bado una kinyongo!"

"Haki ya Mungu si mimi, Vaska! Ni mkono!"

Iskra, mkwe wa Rayna, alicheka akishika mbavu. Lakini mkono haukutulia. Ulijirusha, ukajipinda, na mguu wa upande huohuo ukaanza kupiga mateke. Iskra akamkimbilia, akamkalisha kitini.

Mkono ulikuwa umeanza kuchezacheza tangu juzi, na Rayna akauficha chini ya aproni. Aliogopa ni kiharusi, kile kilichomuua mama yake. Hakuweza hata kulitamka neno hilo.

Vaska, shavu likimwaka, alimkodolea macho. "Hebu niambie, maji unakunywa sana siku hizi?"

"Kama ng'ombe."

"Na vidonge vya sukari?"

Rayna akatazama chini. "Vilikuwa vinanivuruga tumbo. Niliacha tangu Julai."

"Mama!" Iskra akamaka.

Vaska naye alikuwa na kisukari. Alitoa kipimo chake mkobani, Iskra akaubana ule mkono, wakamtoboa kidole. Kipimo hakikutoa namba; kiliandika tu kwamba sukari imepita kiwango.

"Washa gari, binti. Sasa hivi!"

Hospitalini, mjini Kyustendil, walimpiga picha ya kichwa, wakamtundikia dripu na kumchoma insulini. Daktari alivuta kiti akaketi.

"Bibi, hiki si kiharusi. Sukari imepanda mno, ikavuruga ile sehemu ya ubongo inayotuliza viungo. Tukiishusha, wengi hupona. Ila vidonge usiache tena. Vikikusumbua, njoo tuvibadilishe."

Rayna alilia kwa sauti kama mtoto, mpaka wagonjwa wa jirani wakageuka. Tangu juzi alikuwa akiuaga uhai kimyakimya.

Siku ya nne mguu ulitulia. Siku ya tisa Vaska alimkuta ameketi kitandani, anakunywa mtindi kwa mkono uleule wa kushoto, bila kumwaga hata tone. Vaska akavuta kiti, lakini akakiweka mbali kidogo na mkono ule.

"Sogea bwana," Rayna akasema, "nimeshapona."

"Maliza kwanza huo mtindi," Vaska akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko.