Wingu Juu ya Bawa la Kushoto

Kija alifika uwanjani, akavua kandambili, akavaa buti za kazi na kwenda kukinga petroli chini ya bawa la ndege, kama fundi ndege yeyote anavyofanya kabla injini haijawashwa. Petroli ya ndege ndogo ni ya bluu. Maji yakiingia humo hayachanganyiki nayo. Yanatuama chini ya kikombe, meupe, na hata mtoto huyaona. Kija alinyanyua kikombe chake cha plastiki kwenye mwanga, akaona bluu tupu. Mvua ilikuwa ikimnyeshea mgongoni. Kwingine kote uwanjani kulikuwa kukavu.

Wingu lenyewe lilikuwa na ukubwa wa mkeka wa kulalia. Lilikuja siku walipomaliza matanga ya Revocatus, kaka yake Kija, likakaa juu ya bawa la kushoto la ndege iliyobaki. Mtu wa hali ya hewa aliitwa, akaliangalia kwa muda, akasema ni wingu la mvua, akanywa soda aliyokaribishwa na kuondoka. Waongoza ndege walizoea kulitaja kwenye redio pamoja na ndege. Rubani mpya, Nathaniel, alinunua koti la mvua la kuvaa hatua chache, kutoka nje ya bawa hadi mlangoni.

Waliofurahi hasa ni akina mama. Mwanza ziwa unaliona kutoka kila jiwe, lakini bomba ni jambo jingine, na mtaani kwao Buswelu maji yalikuwa ya mgao. Mlinzi aliwafungulia lango dogo, nao wakapanga ndoo zao chini ya ncha ya bawa. Mmoja wao alikuwa Mama Hellen.

Huyu alikuwa jirani wa Kija. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa, na zamani chumvi na viberiti vilikuwa vikipita juu ya ua huo bila kuhesabiana. Kisha ndege pacha ya hii ya wingu ilizima injini ikipaa kutoka Nansio, kule kisiwani, ikatumbukia ziwani. Ndani walikuwamo Revocatus, aliyekuwa akiiendesha, na Hellen, muuguzi, aliyekuwa akirudi mjini. Uchunguzi ulisema rubani hakukagua mafuta yake. Tangu hapo Kija akimwamkia mama yule, shikamoo yake iliishia kwenye minyaa. Iliuma kila asubuhi upya, maana Mama Hellen ndiye aliyemlea Kija wazazi wake walipokuwa wakishinda shamba.

Kija hakuiamini habari ile. Revocatus alikuwa mtu wa kukagua mpaka anakera. Hakunywa soda bila kwanza kuinua chupa kwenye mwanga. Lakini dada wa marehemu akisema hivyo, watu humpa pole tu na kubadili mazungumzo.

Wiki hiyo injini ya ndege ya wingu ilianza kukohoa, hasa inapopaa. Mwenye ndege, Bwana Chenge, alisema ni plagi. Kija akabadilisha plagi, ikakohoa. Akafungua chujio la mafuta, safi. Akashusha kabureta, akaisafisha na kuirudisha, ikakohoa. Katika tundu la hewa la tangi alitoa kiota cha nyigu, akafurahi siku nzima, na kesho yake ikakohoa kwa nguvu zaidi. Ndipo alipopanda ngazi na kukaa kwenye mvua, kulitazama wingu linafanya nini hasa.

Lilikuwa likinyesha juu ya mfuniko wa tangi. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mvuvi, na maji yalizama humo taratibu. Kija akashuka kukinga tena. Bluu tupu. Maji yanaingia juu, chini hayatoki. Basi yamekaa mahali.

Alipanda tena, akafungua mfuniko na kumulika ndani kwa tochi. Tangi la ndege hizi za zamani ni mfuko wa mpira uliolazwa ndani ya bawa, na huu ulikuwa umezeeka ukajikunja kama blanketi lililopigwa teke. Nyuma ya kunjo kubwa kulikuwa na kidimbwi. Kikombe kisingekifikia kamwe, mpaka siku ndege inapoinua pua kupaa, na maji yote yanaruka kunjo kwa pamoja kwenda kwenye injini.

Alimwita Nathaniel atikise bawa, yeye akagandamiza mkia hadi karibu na ardhi. Kisha akakinga. Yalikuja maji, kikombe baada ya kikombe, meupe. Kija akakaa chini kwenye lami akalia kwa sauti, buti zake zikiwa ndani ya dimbwi.

Mama Hellen akaacha foleni ya ndoo, akaja na kusimama mbele yake.

"Unalilia nini?"

"Alikagua, mama. Alikinga kama nilivyokinga mimi asubuhi, akaona bluu. Maji yalijificha humu. Ile iliyozama na hii ziliingia nchini siku moja, mifuniko yao na mifuko yao imezeeka pamoja."

Mama Hellen alichukua kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama sana.

"Kwa hiyo Revo hakumuua mwanangu."

"Hapana, mama."

Bwana Chenge alifika na mwavuli. Alieleweshwa, akaitikia kwa kichwa hadi mwisho.

"Kazi nzuri, Kija. Kuanzia leo mtikise bawa kwanza, ndipo mkinge."

"Na mifuko, bosi? Na mifuniko?"

"Spea mpaka ziagizwe nje. Ndege si inaruka?"

"Na lile lililosemwa juu ya Revocatus?"

"Lile limeshafungwa. Tumwache marehemu apumzike." Akalitazama wingu juu. "Na hilo mliambie lihamie bawa la pili, nalo lioshwe."

Wingu halikuhama. Kija alifikiria kuacha kazi, lakini akiacha angeletwa fundi mwingine asiyejua habari ya kunjo. Akatikisa bawa, akakinga, akatikisa, mpaka bluu ikarudi. Muuguzi kijana akapanda na boksi lake la chanjo za Nansio, akamuuliza Nathaniel kama siku zote huwa panalowa hivi.

Asubuhi iliyofuata, kwenye minyaa, Kija aliamkia kwa mazoea tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisubiri, tutaongozana."

Tangu hapo huja uwanjani pamoja, hata siku ambazo bomba la Buswelu linatoa maji. Ndege ikiondoka, wingu huifuata nyuma kwa haraka, likinyeshea ziwa lisilohitaji maji. Mama Hellen hutua ndoo yake, akamshika Kija mkono, wakasikiliza injini mpaka sauti inapokwisha. Ikishakwisha hubaki wamesimama pale pale, maana hakuna kati yao anayejua kama kilichoimaliza ni umbali tu.