Kilima cha Kijani

Jina la Masikio fundi huyu alilipata ujanani, enzi zile alipoweza kuitengeneza redio iliyoharibika kwa kusikiliza tu, macho kafumba, bisibisi mkononi. Sasa jina lilikuwa limebaki, masikio yenyewe yamekwenda zake. La kushoto lilikufa kimyakimya. La kulia lilimpa mlio wa nyuki na maneno ya mtu anayepaza sauti karibu. Hakumwambia mtu. Fundi redio kiziwi, nani atampelekea kazi?

Siri hiyo ilimfikisha pabaya mchana mmoja, nyumbani kwa mama yake.

Kaka yake mkubwa alikuwa mtangazaji wa stesheni moja ya ng'ambo. Tangu aondoke hakurudi, wala hakuwa mtu wa kuandika barua. Lakini kila alasiri alisoma habari, na mama, ambaye siku hizi hakutoka kitandani, alijua mwanawe yu hai. Jana yake kaka alitangaza kwamba stesheni inafungwa: kesho saa kumi, ndiyo basi. Redio za siku hizi hazikuyashika masafa yale, na simu za majirani ziliitafuta stesheni zikachoka. Tegemeo lilikuwa redio ya mama, ile ya mbao.

Nayo ilikuwa imenyamaza. Dada yao mdogo, katika kuifuta vumbi kwa ajili ya siku kubwa, alikuta ndani yake vikopo vya bati vyenye skrubu ndogo zilizolegea. Kwa roho safi kabisa, akazikaza zote kwa kisu cha jikoni.

"Zilikuwa zinacheza, kaka!"

"Acha zicheze! Kila moja imewekwa pale sauti inapopita. Umefunga milango yote!"

"Basi ifungue," dada alimpigia kelele huku analia. "Si wewe ndiye Masikio?"

Fundi alikaa kitako sakafuni. Kuzirudisha skrubu zile kwa sikio ilikuwa kazi ya kusikia sauti ikipanda kidogo, ikishuka kidogo. Yeye hata mlango ukibamizwa alikuwa hausikii.

Kama masikio hayapo, alijiambia, macho yapo. Alikimbilia karakana, akarudi na skopu yake ya zamani, mashine yenye kioo cha kijani inayochora umeme kwa mstari. Akamwaga makorokoro yake yote juu ya meza ya mama, kando ya kitanda, palipokuwa na redio. Alitaka kuunda kitu alichokuwa akikiahirisha kwa kiburi cha masikio yake: mtambo wa kutoa mawimbi yanayopanda na kushuka bila kupumzika, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Ukiyapitisha mawimbi hayo ndani ya redio, skopu huchora kilima pale milango ilipo wazi. Redio iliyo nzima huchora kilima kimoja kirefu.

Akasokota waya kuwa koili, akang'oa diodi kwenye televisheni mbovu, akaunga kila kitu juu ya kifuniko cha kopo. Akawasha. Mstari ukalala chali. Akaunguza kidole, akatukana, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa mama kwa pamoja. Kumbe transista kaiweka kinyumenyume! Akaigeuza, na mstari ukainuka.

Kwa sindano ya plastiki ya kufumia, aliyoichonga ncha, akaanza kuzungusha skrubu. Kilima kikaja, lakini kimeegemea upande kama mlevi. Akikisukuma huku, kinaangukia kule. Saa ya ukutani haikumhurumia. Machozi yakamlengalenga, ndipo akaona kosa: kwa pupa yake alikuwa ameuharakisha mtambo mno, redio haikupata muda wa kuitikia. Saa kumi iko mlangoni, naye ikambidi apunguze mwendo. Akapunguza, meno kayauma. Kilima kikasimama wima.

Akauchomoa mtambo, skopu akaiacha ikiwa imeungwa kwenye redio. Stesheni isipokuwepo, kioo huonyesha nyasi fupi za makelele. Mtu akiongea, mstari huruka na kucheza.

Dada akazungusha kitufe. Mstari ukaruka.

Mama aliziba mdomo kwa viganja. Fundi akainamisha sikio la kulia mpaka likagusa spika. Nyuki tu.

Mama akamshika mkono. "Umesikia? Amekutaja!"

"Nimesikia, mama."

"Amesema nini?"

Fundi akageuza macho kwenye kioo. Mama akamtazama sana, kisha akamvuta kichwa, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Anasema, mdogo wangu Masikio, najua unanisikia. Ukiwepo wewe, redio ya mama haiwezi kufa."

Fundi akalia waziwazi. Mama akaendelea kumpa neno baada ya neno: anawashukuru wasikilizaji, anasema naye amezeeka, anawatakia heri.

Kwenye kioo mstari ukaanguka. Zikabaki nyasi fupi. Dada akafunika uso kwa upindo wa nguo yake.

Mama hakuondoa mdomo. "Anasema anafunga mizigo," alipaza sauti. "Anasema anarudi nyumbani, mtakaa pamoja."

Fundi aliziangalia nyasi zile za kijani. Kisha akanyoosha mkono taratibu akaizima skopu, mama asije akajua kwamba ameona.

"Haya," akasema. "Anasema nini tena, mama?"