Uso wa Kavata

Kwa miaka thelathini Mwongeli alidarizi vitambaa vya viti, maua na ndege, vya kupamba sebule za watu wengine. Mumewe alipofariki, akaanza kudarizi maisha yake mwenyewe. Vikafika vitambaa kumi na vinane, kila kimoja na kisa chake: akina mama wa kijiji wakichimba matuta, harusi yake iliyonyeshewa, ng'ombe aliyezaa mapacha. Ndunda, aliyegeuza ghala la nafaka mjini Machakos kuwa ukumbi wa sanaa, akaviona na kuomba avitundike vyote. Majuma mawili ukumbi ungekuwa wa Mwongeli peke yake.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Mwongeli alisalimiana nao hadi mkono ukamchoka, na moyo wake ulikuwa mweupe. Kilichomkosesha raha ni kitambaa cha saba tu, kwa kuwa dada yake Kavata alikuwa njiani kutoka Syokimau.

Kitambaa hicho kilikuwa cha mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, baba yao aliposema atasoma mmoja. Kavata, aliyekuwa mkubwa, akarudi shuleni. Mwongeli akabaki kuchota maji. Alikuwa amemdarizi dada yake akishika njia na sare ya buluu, mgongo tu, hageuki. Kwa miaka arobaini hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Kavata alifika, akazunguka polepole, akamcheka yule ng'ombe. Kwenye cha saba akasimama. Akavaa miwani.

"Mwiitu wa mwaitu," akaita kwa Kikamba, binti ya mama yangu, kama walivyoitana utotoni. "Hapa umekosea."

Mwongeli akajikaza. "Nimekosea wapi?"

"Niligeuka. Mara tatu niligeuka, na ya tatu nikakuita. Wewe ndiye uliyekuwa umenipa mgongo, umeinamia mtungi."

Mwongeli akafungua kinywa ajibu, kisha akakumbuka. Kweli aliinama, asionekane akilia. Na kuitwa aliitwa.

"Nilikusikia," akasema. "Nilinyamaza makusudi."

"Najua. Hata mimi ningenyamaza."

Mwongeli akakitungua kitambaa, akatoa sindano na mkasi mkobani, akaanza kufumua kichwa cha yule msichana wa buluu.

Ndunda akaja mbio. "Mama Musau! Kazi imeshatundikwa, watu wanaangalia!"

"Waangalie. Niletee kiti. Leta viwili."

Kavata akaketi mbele yake, shingo imegeuzwa begani kama siku ile. Wageni wakawazunguka, vikombe vya chai mkononi.

"Usinifanye mzee," Kavata akanung'unika. "Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Tulia basi. Pua yako ni kubwa, uzi utaisha."

Ukumbi mzima ukacheka, na Kavata akacheka hadi machozi, ikabidi Mwongeli angoje. Jua lilikuwa limeinama uso ulipokamilika. Haukufanana sana na Kavata, lakini ulitazama nyuma, na mdomo ulikuwa wazi.

Jumamosi iliyofuata Kavata alirudi na wenzake watano wa kanisani. Akawapeleka moja kwa moja hadi cha saba, akaanza kuwasimulia kabla Mwongeli mwenyewe hajafika. Alichanganya mambo mawili matatu, mtungi akauita ndoo. Mwongeli alimsikia akiwa mlangoni. Akamwacha aendelee.