Kwa Posta, Gasto Hajahama

Kwa wiki sita barua zilimfuata Generosa Theophil kutoka Hopkins hadi Plymouth walikohamia, vitongoji vya Minneapolis: karatasi za daktari wa meno, matangazo ya mazulia, kila moja na kibandiko cha njano chenye anwani mpya. Mumewe, Gasto Shayo, hakupata hata bahasha. Naye alikuwa na barua moja anayoingojea mwaka mzima, ya kuitwa kwenye usaili wa uraia, ili aweze kumwombea kibali mama yake, aliyebaki peke yake Rombo, aje kuishi nao.

Ijumaa, Gasto katoka zamu, simu ikamwonyesha kwamba barua ilishatumwa siku nyingi. Wakaenda posta na uchovu wao wote. Dada wa kaunta, Stacy, akaitafuta fomu ya kuhama aliyoijaza Generosa, akasema kwa upole kwamba pale palipochaguliwa "familia" maana yake ni wenye jina moja la mwisho. Wa jina jingine hujaza yake.

Generosa alitaka kumweleza kwamba kwao mtu haachi jina la baba yake kwa sababu kaolewa. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na miguu ilimuuma. Gasto akajaza fomu yake. Ingefaa kwa barua zijazo tu. Iliyokwisha kufika Hopkins ilibidi waifuate wenyewe.

Kwenye nyumba yao ya zamani sasa alikaa Wambui, Mkenya wa kanisani kwao anayejua nani kaachwa na nani kanunua gari Minneapolis nzima. Aliwafungulia kwa kicheko, akawakalisha, akaweka chai, akaanza habari za harusi ya Golden Valley iliyovunjika. Generosa ikabidi amkatize.

"Barua ya Shayo?" Wambui akasimama. "Iko kwa droo. Nilidhani huyo ni jamaa alikaa hapa kabla yenu."

"Ni mume wangu huyu," Generosa akasema.

"Ati? Mama Pamela, si wewe ni Theophil? Mimi miaka yote najua bwanako ndiye Theophil!"

"Theophil ni baba yangu."

Wambui akakaa. Ndipo Generosa akakumbuka mara ngapi mwenzake alimwita Gasto "Bwana Theophil" kanisani, na mara ngapi Gasto aliitika tu, kwa uvivu wa kueleza.

Gasto akaichana bahasha, akasoma, akamkabidhi mkewe. Usaili ulikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi. Juzi.

Chini palikuwa na maelezo ya kuomba tarehe nyingine. Generosa akayasoma mara mbili, akamwomba Wambui kalamu.

"Mama atauliza Jumapili akipiga," Gasto akasema. "Tutamwambia nini?"

"Mwambie bado tunangoja," Generosa akasema, akaanza kuandika. "Si uongo."