Yule Yule na Anayefanana Naye

Habon, mtoto wa jirani yangu Mumina, huja kwangu kila akitoka shule, maana mama yake hushinda Eastleigh akiuza vitambaa. Huvua viatu mlangoni, hutupa mkoba kitandani, na kuuliza kuna nini ya kula kabla hata hajanisalimia. Siku hiyo alikuja amenuna.

"Shosho, Tiicha Annah amesema tuandike vitu mbili ziko same, na vitu mbili ziko similar. Nimemwambia ni kitu moja. Akaniambia nikae chini."

"Ukakaa?"

"Sasa ningefanya nini?"

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, huko Mwala, lakini maneno hayo mawili nayajua. Nilifundishwa kwa kufokewa. Nilipokuwa msichana niliosha vyombo kwa mama mmoja wa Parklands, na siku moja bakuli lake likanitoka mikononi. Nikamtafutia lingine sokoni, la maua yale yale ya buluu. Akaligeuza chini juu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hili ni similar, si same. Nilidhani ananitukana. Nilikaa na yale maneno wiki nzima kabla sijaelewa kwamba alikuwa akililia bakuli lake, na kweli lilikuwa limeenda.

Basi nikawaita barazani wote wawili, yeye na mjukuu wangu Wanza. Wanza alikuwa keshakaa ngazini, kichwa cha mti kilichochongwa mapajani, anakipiga msasa. Wako darasa moja na umri mmoja, lakini siku hizo ukiwasimamisha pamoja ungedhani Wanza ni wa nasari.

Baba yake, mwanangu Musau, ni mchongaji. Zamani alichongea Gikomba pamoja na wenzake: twiga, vifaru, wazee walioshika fimbo. Nthoki, binti yake wa kwanza, aliyepewa jina langu, alipokufa kwa nimonia, Musau alibeba tezo na patasi zake akajenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu hii ya Kaloleni. Tangu hapo hajachonga twiga. Anachonga kichwa cha msichana. Kikiisha anaanza kingine. Kazi yangu na Wanza ni kuvilainisha kwa msasa na kuvipaka rangi ya viatu, kisha mwenye duka la watalii anakuja na pikapu kuvichukua.

Mara ya kwanza nilipopewa kichwa hicho nilikuwa nazungumza na Mumina, mkono unafanya kazi peke yake. Kidole gumba kikapita kwenye paji la uso, kikashuka kwenye nyusi, kikafika pale katikati penye kibonde kidogo. Uso huo nilikuwa nimeuosha tangu siku alipozaliwa. Nikakiinua kile kichwa, na Nthoki alikuwa ananitazama.

Nilijiambia kila mtu analia kwa namna yake. Kavindu, mama yao Nthoki na Wanza, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Siku moja aliingia akakuta vichwa vimepangwa kitandani kwake vikaukie hapo, vyote vimeelekea mlangoni, na jinsi vilivyokuwa ungedhani vilikuwa vikimngoja. Alichukua begi akaenda kwao. Alitaka kuondoka na Wanza, Musau akakataa katakata. Kwa simu Kavindu husema atarudi, hasemi lini.

Na wageni huvipenda. Nikipita pale dukani naviona kwenye rafu, Nthoki kando ya Nthoki. Wanamfungia kwenye gazeti, wanamtia kwenye mfuko, wanapanda naye ndege. Sijui mtoto wetu yuko nchi ngapi sasa.

Nikaleta vikombe viwili vya udongo, vyeupe, vya seti moja.

"Hivi?"

"Same," Habon akasema hapo hapo.

"Angalia tena."

"Shosho, rangi moja, saizi moja, umenunua siku moja. Hiyo ni same!"

"Nikivunja hiki, hiki kingine kitavunjika?"

Akacheka. "Zi! Kwani ni uchawi?"

"Basi ni vikombe viwili vinavyofanana. Hiyo ndiyo similar. Sasa, jana ulinywea chai kipi?"

"Hiki, chenye kimekwaruzwa hapa kwa mkono wake."

"Na leo?"

"Hiki tu. Ndiyo changu."

"Hiyo ndiyo same. Ni kile kile. Kikivunjika, kimevunjika, hakuna kingine."

Habon alifikiria huku akijikuna goti. "Kwa hivyo mimi na Sagal dadangu ni similar, venye watu husema tunafanana. Na Shosho wa jana na Shosho wa leo ni same, lakini leo uko na hasira."

"Hasira umeiona wapi?"

"Hapo kwa pua."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wanza hakucheka. Alikuwa ameacha kupiga msasa, anavitazama vile vikombe.

"Susu," akaniita mimi nyanya yake, "na watu?"

"Watu wamefanya nini?"

"Mtu akikaa kama mwingine kabisa. Halafu mmoja avunjike."

Niliuliza moyo wangu kama nimesikia vizuri. "Mwingine anabaki mzima, mama. Ni watu wawili."

"Hapana," akasema, polepole, kama anayemrekebisha mtoto mdogo. "Baba anasema ni yule yule."

Habon, ambaye hawezi kuona kimya akakiacha, akamsukuma bega. "We Wanza hukaa ka hiyo kichwa siku hizi. Hata hupepesi macho. Unatuogopesha darasani."

Nikaona afadhali niwape mandazi. Habon lake lilikwisha kabla sijageuka. La Wanza likapita chini ya gunia tunalotandika tukipiga msasa, likatokea mkononi mwa Habon, kimya kimya, kama kitu kilichozoea njia.

"Habon, hilo ni la nani?"

"Yeye ndiye hunipea! Kila siku, Shosho. Hata githeri ya shule. Hata ndizi."

"Habon!" Wanza akasema. "Ulisema hutasema!"

"Sikusema kitu. Ulinipea nikakula."

Nilimvuta Wanza kwangu. Nilimshika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyangu vikakutana upande wa pili. Mimi ndiye humpikia. Mimi ndiye huosha sahani yake na kuiona tupu.

"Kwa nini huli?"

Hakunificha. Nadhani alikuwa akingoja mtu amuulize. "Baba alisema nisikue haraka. Nikikaa kule kwa kibanda akichonga, huniambia, usikue haraka, mama, bado sijampata."

"Hajampata nani?"

"Nthoki." Akagusa shavu lake mwenyewe kwa kidole, taratibu, kama anayebisha mlango wa mgonjwa. "Yuko hapa. Alikuwa darasa la pili, na mimi niko darasa la pili. Nikipita hapo nikakua, atatoka. Halafu Baba atabaki na nani?"

Jua lilikuwa bado liko juu, watoto wa ploti wanapiga mpira wa karatasi nje.

Nilichukua kile kichwa mapajani mwake. Sikukitazama. Nilipitisha gumba kama nilivyozoea: paji, nyusi, kibonde. Kisha nikashuka mashavuni, na gumba likazama. Nthoki alikuwa na mashavu ya kujaa kiganja. Nikaingia ndani nikatoa kichwa cha kwanza kabisa, ambacho nilikataa kisiuzwe, nikaviweka viwili sakafuni. Kwa mbali ni mtoto mmoja. Kwa karibu, mmoja ni mtoto, na mwingine ni mtoto anayeisha. Mfupa wa shavu umetoka. Shingo imekuwa kijiti. Macho yamekuwa makubwa.

"Wanza!" Musau akaita kutoka kibandani. "Njoo ukae kabla mwanga haujaniacha."

Mtoto akainuka mara moja. Nilivikwapua vile vichwa, kimoja kila kwapa, nikamfuata. Habon akatufuata, maana huyo hata matanga hufuata.

Kibandani Wanza alikuwa keshapanda kigoda. Mikono juu ya magoti, kidevu kimeinuka kidogo, macho wazi. Alijikalisha mwenyewe, hakuna aliyemwelekeza. Musau hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama mti.

"Mwaitu, mama yangu, nitakuja kula baadaye. Niache nimalize hiki."

"Sikuja kukuita kula. Shika hivi. Ni nani?"

"Unajua ni nani."

"Nataka unitajie."

Akashusha pumzi. "Ni Nthoki. Wote ni Nthoki."

"Funga macho basi, unitajie kwa mkono."

"Mama, mimi si mtoto."

"Funga."

Alifunga, kwa kunichukia kidogo. Nikampa kile cha kwanza. Mikono yake ilikipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, na uso wake ukalainika hata nikaona vibaya kuendelea. Nikakitoa, nikampa kile cha leo. Gumba lake likaenda njia ile ile niliyoenda mimi. Paji. Nyusi. Kibonde. Likashuka shavuni, likasimama.

Likarudi juu, likashuka tena.

"Nthoki hakuwa hivi," akasema.

"Hakuwa."

"Nimekosea. Mbao imenidanganya."

"Wewe hujawahi kukosea uso, Musau. Unachonga kile unachokiona. Fungua macho uangalie umekaa ukimtazama nani."

Alifungua. Nilimwona akianzia miguuni, zile soksi zilizoteremka kwa kukosa mguu wa kuzishika, akapanda, mkono, shingo, akafika usoni, akabaki hapo. Sijui alikuwa hajamwona tangu lini. Kila siku alikuwa akimwangalia tu.

"Ni mgonjwa?"

"Anagawa chakula chake asije akakua. Wewe ulimwambia asikue."

"Nilikuwa nacheza! Mama, ni maneno tu, ya kumkalisha atulie..."

"Yeye hakucheza."

Kigodani, Wanza aliongea bila kusogeza midomo sana. "Baba, nimesonga?"

Tezo ilianguka. Musau alipiga magoti kwenye mabaki ya mti mbele yake, akawa hajui pa kumshika, kama kila mahali pangevunjika.

"Shuka, Wanza."

"Hujamaliza."

"Nimemaliza. Shuka."

"Ukiacha, Nthoki ataenda wapi?"

Hapo nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na neno mdomoni tayari. Nikalimeza, kwa sababu swali halikuwa langu.

"Nthoki alishaenda," Musau akasema. "Nilimbeba mimi mwenyewe, kutoka kwa gari mpaka kaburini, nikakataa kusaidiwa. Yuko Mwala. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umeshika sketi ya mama yako."

Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Tulikuwa tunasema tu "siku zile" na "ile mambo." Nilisikia mabati yakilia kwa joto juu ya vichwa vyetu.

"Na huyu?" Wanza akaonyesha ule uso nusu, ulioanza kutoka kwenye gogo.

"Huyu ni mti."

"Na mimi?"

"Wewe ni Wanza. Mnafanana, ni kweli, mnafanana sana. Lakini yeye ni yeye. Wewe ukikua, hakuna mtu atatoka. Ukikua, umekua."

"Similar," Habon akanong'ona mlangoni, makombo ya mandazi mdomoni. "Shosho, si hiyo ni similar?"

"Nyamaza, mtoto wa Mumina."

Wanza hakushuka. Alibaki vile vile alivyokaa, mikono bado magotini, kisha sauti ikamtoka ambayo sikuwa nimeisikia hata siku ya mazishi. Wakati ule alikuwa mdogo, tulisema haelewi. Alimlilia dada yake kwa jina, na kwa kuwa ni jina langu nilikaribia kuitika. Musau akamtoa kigodani, na nilimwona anashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi.

Nilipika uji wa wimbi, wa maziwa, mwepesi kwanza, kwa sababu tumbo lililosahau chakula halipewi ugali. Nilimwambia Musau kesho tunampeleka kliniki kabla hata hajashika patasi, akasema ndiyo, mama. Kisha akatoka uani na simu, akasimama karibu na kamba ya nguo. Nilimsikia akisema, "Kavindu, usikate. Usikate, tafadhali," halafu akashusha sauti.

Mumina alikuja kumchukua mwanawe, akatukuta mezani, akaketi bila kuulizwa. Habon akasogea akamwachia nafasi.

Wanza alishika kijiko. Akachota, akatia mdomoni, akakaa nacho. Akameza. Kisha akainua macho akatutazama mmoja mmoja, mimi, baba yake aliyekuwa ameingia amesimama mlangoni, Habon, Mumina, taratibu, kama anayehesabu. Akaangalia na kona zenye giza. Alitaka kuona ni nani ameondoka.

Kisha akachota kingine.